Kwa nini mashua ya sabuni hukimbia mara moja, kisha hugoma?

"Shikamoo Daktari. Nafundisha fizikia kidato cha kwanza katika shule ya kata mkoani Dodoma. Hatuna maabara, hivyo najitahidi kufanya majaribio kwa vitu vya nyumbani. Juzi nilikata mashua ndogo ya kadibodi, nikaipaka sabuni ya maji kwa nyuma na kuiweka kwenye beseni. Nyumbani, kwa maji ya mvua, ilikimbia vizuri sana. Darasani, kwa maji ya kisima, kwa kundi la kwanza ilisogea kidogo tu, na kwa makundi yaliyofuata haikusogea kabisa, hata tulipoongeza sabuni. Mwanafunzi mmoja akauliza: kama sabuni ndiyo inayosukuma, mbona tukiiongeza haisukumi zaidi? Nikamjibu kwamba sabuni imeisha nguvu, lakini hata mimi jibu hilo halikuniridhisha. Mwingine akasema mashua inaenda kama roketi. Nimekosea wapi? Nimesikia pia kwamba kafuri ni bora kuliko sabuni. Je, ni kweli, na ni salama kwa watoto? Tafadhali kumbuka kwamba maji tunanunua kwa ndoo, siwezi kumwaga beseni zima kila mara."

Marahaba, Mwalimu. Nianze na huyo aliyeuliza mbona sabuni ikiongezwa haisukumi zaidi, kwa sababu swali lake limegusa kiini cha jambo lote, na jibu lake ndilo litakalokutatulia tatizo la beseni. Sabuni haisukumi. Haikusukuma hata siku ile mashua ilipokimbia nyumbani kwako. Kinachoipeleka mashua ni maji safi yaliyo mbele yake, na hayo ndiyo yaliyokuishia darasani. Sabuni mlikuwa nayo tele.

Tuanzie kwenye maji yenyewe. Molekuli za maji huvutana. Iliyo katikati ya beseni imezungukwa na wenzake pande zote. Iliyo juu kabisa ina wenzake chini na pembeni, lakini juu yake kuna hewa, ambayo haiishiki. Kwa hiyo kila molekuli inayotoka ndani kuja juu inaachana na baadhi ya jirani zake, na kuachana huko kunagharimu nishati. Uso mpana una molekuli nyingi zilizo katika hali hiyo ya gharama, kwa hiyo uso wa maji daima huelekea kupungua eneo lake kadiri nafasi inavyoruhusu. Ndiyo sababu tone la umande hujikusanya likawa mviringo. Na uso unaoelekea kupungua huvuta chochote kinachogusana na ukingo wake. Kwa maji safi yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi, mvuto huo ni karibu newtoni 0.073 kwa kila mita ya ukingo, sawa na uzito wa kitu cha gramu saba hivi. Ni kidogo, ila mashua yako nayo ni nyepesi.

Hapa niseme jambo ambalo najua baadhi ya walimu hawatalipenda. Mimi siwafundishi wanafunzi kwamba maji yana "ngozi". Ukisema ngozi, mtoto anafikiria kuna kitu cha ziada kimetandazwa juu ya maji, na kwamba sabuni inakitoboa. Hakuna kitu cha ziada. Molekuli za juu ni zile zile za chini, na kila wakati zinabadilishana nafasi. Tofauti iko kwenye nishati tu. Mtoto akishaishika picha ya ngozi iliyotobolewa, hawezi tena kueleza kwa nini mashua inakwenda mbele na si kuzama.

Sasa sabuni. Molekuli yake ina ncha moja inayopatana na maji na mkia mrefu usiopatana nayo. Mahali panapoiridhisha ni usoni, ncha ikiwa majini na mkia ukiwa hewani. Zikijaa hapo, gharama ya kuwa na uso hushuka, na mvuto ule wa 0.073 huanguka hadi kwenye 0.03 hivi. Hebu fikiria mchezo wa kuvuta kamba. Mashua isiyo na sabuni inavutwa mbele na nyuma kwa nguvu sawa, kwa hiyo inatulia. Unapopaka sabuni nyuma, timu ya nyuma inalegea mikono. Timu ya mbele haijaongeza chochote, inavuta vile vile ilivyokuwa ikivuta, lakini sasa inashinda.

Wape wanafunzi wako hesabu yake, ni fupi na inatia hamasa. Tofauti ya mvuto kati ya mbele na nyuma ni karibu newtoni 0.04 kwa mita. Mashua yenye upana wa sentimita 2 inapata kani ya 0.04 × 0.02, yaani newtoni 0.0008. Kadibodi nyembamba ya sentimita 2 kwa 4 ina tungamo la gramu 0.2 hivi, yaani kilo 0.0002. Gawanya, utapata mchapuko wa mita 4 kwa sekunde kwa sekunde, unaokaribia nusu ya ule wa jiwe linaloanguka. Mashua halisi haifiki hapo, kwa kuwa maji huikokota na sabuni haikai nyuma tu bali huzunguka hadi ubavuni. Hata hivyo hesabu hii inaonyesha kwa nini huwa inaruka ghafla inapoguswa na sabuni, na kwa nini ukitengeneza mashua kwa mbao nzito unapoteza muda wako.

Yule wa roketi usimwambie amekosea moja kwa moja. Kuna sehemu ya ukweli katika alichosema. Sabuni inapotawanyika nyuma ya mashua, tabaka la juu la maji huvutwa kuelekea nyuma. Mashua inakwenda mbele, maji ya usoni yanarudi nyuma, na kanuni ya tatu ya Newton, kwamba kila kani ina kani nyingine iliyo sawa nayo upande wa pili, imetimia. Alipopotea ni kudhani kwamba sabuni inatoka kwa kasi kama moshi wa injini na kuisukuma mashua. Jaribio la kumwonyesha ni rahisi, na mimi nalipenda kuliko mashua yenyewe. Chukua maji ambayo tayari yana sabuni, weka mashua, paka sabuni nyuma. Kama dhana ya roketi ingekuwa kweli, mashua ingekwenda, maana sabuni inatoka vile vile. Haiendi. Kisha chukua maji safi na mashua safi, na mahali pa sabuni weka tone la maji ya sukari mazito. Nalo linatoka nyuma na kuyeyuka, ila halipunguzi mvuto wa uso, na mashua inabaki pale pale. Ukipaka sabuni mbele na nyuma kwa pamoja, inatikisika kidogo tu. Baada ya matatu hayo, dhana ya kusukumwa haina pa kusimama.

Unaona basi kwamba mgomo wa darasani haukuwa jaribio lililoharibika. Ulikuwa ushahidi, tena ushahidi mzito kuliko ule wa mashua kukimbia. Ningekushauri safari ijayo uufanye kwa makusudi: mashua ikimbie mara ya kwanza, kisha kabla ya mara ya pili kila mwanafunzi aandike kwenye daftari anachotabiri, na sababu yake.

Huenda unajiuliza iweje tone moja liharibu beseni zima. Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani, aliwahi kumimina mafuta yasiyozidi kijiko cha chai kwenye bwawa la Clapham, London, na akaona uso wa eneo linalokaribia nusu ekari ukitulia. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1774. Gawanya ujazo wa kijiko kwa eneo hilo: unapata tabaka lenye unene wa sehemu mbili au tatu za milioni ya milimita moja, yaani unene wa molekuli yenyewe, ingawa Franklin hakuifanya hesabu hiyo. Kwa beseni lenye kipenyo cha sentimita 40, tabaka la unene huo linahitaji chini ya sehemu moja ya mia ya tone. Sabuni ya maji sehemu yake kubwa ni maji tu, lakini hata ukiliondoa hilo, ulichopaka kwenye mashua ya kwanza kilitosha kufunika beseni na kubaki. Sabuni ilipozunguka na kufika mbele, pande zote mbili zikawa zimelegea sawasawa. Ukiongeza nyingine hapo, unailegeza timu ambayo tayari imelegea.

Na si sabuni peke yake. Mafuta ya nazi mikononi, mafuta ya kujipaka, mabaki ya mchuzi kwenye beseni la jikoni, vyote hutandaa usoni na kushusha mvuto kabla hujaanza. Naamini kundi lako la kwanza, lile lililopata mwendo mdogo, liliangushwa na hili. Beseni linalofuliwa nguo au kuoshea vyombo lisuuzwe kwa maji matupu mara kadhaa, na atakayeshika mashua asiwe ametoka kujipaka mafuta. Mashua ikatwe kutoka kwenye pakiti ya maziwa, haiingizi maji upesi kama kadibodi ya kawaida. Iwe na mkato mdogo nyuma, na sabuni iguswe pale kwa ncha ya njiti ya kiberiti, si kwa kidole.

Maji ya kisima nayo yana mchango wake, ingawa mdogo kwa upande wako. Maji yenye madini mengi ya kalisi na magnesi hupambana na sabuni ya mche: yanaungana nayo na kufanya ule utando mweupe unaoujua kwenye ndoo, na sabuni iliyogeuka utando haifanyi kazi yake. Sabuni nyingi za maji za kuoshea vyombo haziathiriki sana. Kwa hiyo endelea na sabuni ya maji, na mche uache kwa kufulia.

Kuhusu gharama ya maji, achana na beseni. Sinia pana lenye maji ya kina cha sentimita moja linatosha mashua kukimbia, na linachukua lita moja na robo hivi. Maji yaliyotumika yatapiga deki darasani. Lakini kuna mbinu nyingine ya kuokoa maji, na aliyeitumia ni mtu ambaye wanafunzi wako, hasa wasichana, wanastahili kumjua.

Agnes Pockels alizaliwa Venice mwaka 1862 akakulia Braunschweig, Ujerumani. Vyuo vikuu vya Ujerumani wakati huo havikupokea wanawake, kwa hiyo alibaki nyumbani akiwahudumia wazazi wake waliokuwa wagonjwa. Akiwa jikoni, mbele ya maji yale yale ya kuoshea vyombo, alianza kupima uso wa maji. Alitengeneza chombo kirefu cha bati na kuweka ukanda wa bati juu ya maji, akawa anausogeza ukanda ili kuusafisha uso, kuubana au kuutanua, huku akipima mvuto kwa mizani ndogo. Mwaka 1891 alimwandikia Lord Rayleigh wa Uingereza, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa zama zile, akimweleza matokeo yake. Rayleigh aliona uzito wake, akaifikisha barua hiyo kwenye jarida la Nature, ambalo liliichapisha Machi mwaka huo. Chombo cha maabara kinachotumika leo kuchunguza tabaka hizi kimekua kutoka kwenye wazo lake.

Mbinu yake unaweza kuiiga. Laza ukanda wa karatasi safi juu ya maji, uwe na upana unaofikia kingo za chombo, kisha uburute taratibu hadi mwisho na kuutoa na uchafu wake. Kwa mafuta ya mikono inafanya kazi vizuri mno. Ukirudia mara mbili tatu, maji ni yale yale lakini uso ni mpya. Kwa sabuni ya maji inasaidia kwa sehemu tu, kwa sababu sehemu yake imeyeyuka kwenda chini na itapanda tena. Kwa hiyo karatasi utumie kabla ya jaribio. Baada ya sabuni, badilisha maji.

Lipo jaribio jingine linalopendwa, la kunyunyiza pilipili manga ya unga kwenye sahani ya maji na kugusa katikati kwa kidole chenye sabuni. Pilipili hukimbilia kingoni, na darasa zima hupiga kelele za furaha. Lifanye, ni zuri na linahitaji kama theluthi moja tu ya lita ya maji. Ila kuna maelezo mabaya yaliyoenea sana mwaka 2020, wakati wa Uviko, kwamba pilipili ni vijidudu na vijidudu huikimbia sabuni. Vijidudu haviikimbii sabuni. Sabuni huvibomoa utando wa mafuta vile vilivyo nao, na huving'oa kwenye ngozi ili maji yavichukue. Pilipili nayo haikimbii. Imebebwa na uso wa maji unaovutwa kuelekea kingoni, ambako mvuto bado ni mkubwa. Nyunyiza pilipili mpya juu ya maji hayo hayo uone kama itaiogopa sabuni. Mtoto aliyeambiwa kwamba vijidudu hukimbia sabuni ataridhika kuigusa tu na kuondoka bila kusugua, na hilo ni kosa la afya, si la fizikia peke yake.

Kafuri sasa. Ni kweli, kwa jambo moja inaishinda sabuni. Kipande kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kikidondoshwa kwenye maji safi, huanza chenyewe kuzunguka na kukimbia huku na huko, na huendelea kwa dakika nyingi. Kafuri pia hushusha mvuto wa uso pale ilipo, lakini kile kinachotandaa majini hupaa hewani upesi, kwa hiyo uso hujisafisha na tofauti kati ya mbele na nyuma haifi. Ukiibandika nyuma ya mashua ikigusa maji, utapata safari ndefu. Kisha mwambie mwanafunzi aguse nywele zake zenye mafuta na kuchovya kidole majini: kafuri itasimama papo hapo. Rayleigh alitumia kusimama huko, mwaka 1890, kukadiria ni mafuta kiasi gani yanatosha kuufunika uso wa maji. Kwako itakuwa kipimo cha usafi. Kafuri isipocheza, sinia lako halijawa safi, na mashua ya sabuni nayo haitakwenda.

Lakini kafuri ni sumu ikimezwa. Kiasi kidogo tu kinaweza kumletea mtoto mdogo degedege ndani ya dakika chache. Wanafunzi wako ni wakubwa kidogo. Hofu yangu ni kipande kitakachofichwa mfukoni na kufika nyumbani kwa mdogo wake, ambaye atadhani ni peremende. Ningekuwa mimi, ningeifanya mezani kwa mwalimu, kwa kibano, madirisha yakiwa wazi, nikihesabu vipande kabla na baada. Nunua iliyoandikwa kafuri. Vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuza nondo mara nyingi ni naftalini, ambayo haitakupa mwendo huo na nayo ni sumu, hasa kwa watoto wachanga na wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, tatizo ambalo si geni kwetu.

Njia ya kati ni spiriti. Mvuto wa uso wa ethanoli, yaani kileo kilichomo kwenye spiriti, ni karibu newtoni 0.022 kwa mita, chini hata ya ule wa maji ya sabuni, na nayo hupaa. Pamba iliyolowa spiriti ikiwekwa nyuma ya mashua huipeleka kwa muda mrefu kuliko sabuni. Sharti lake ni moto: pasiwe na kiberiti wala mshumaa chumbani, na chupa ibaki mkononi mwako. Kwa darasa kubwa lisilo na maabara, ushauri wangu wa kweli ni huu: sabuni kwa makundi yote, spiriti au kafuri kwa onyesho moja la mwalimu, tena baada ya kumweleza mkuu wa shule.

Wanafunzi wakiuliza jina la mwendo huu, unaitwa athari ya Marangoni. James Thomson, kaka yake mwanafizikia Lord Kelvin, alikuwa ameueleza mwaka 1855 alipochunguza matone yanayopanda na kuteremka kwenye kuta za glasi ya mvinyo, lakini jina lilibaki kwa Carlo Marangoni wa Italia, aliyeandika tasnifu yake Pavia mwaka 1865. Baada ya hapo Marangoni alifundisha fizikia katika shule ya sekondari ya Florence kwa miaka 45. Alikuwa mwalimu wa sekondari kama wewe.

Ukitaka kwenda mbele zaidi na kupima mvuto wenyewe kwa namba, usijitese peke yako. Inahitaji mizani nyeti au mirija myembamba ya kioo, na mkono uliozoea. Tafuta shule jirani yenye maabara, umwombe fundi sanifu akuonyeshe ana kwa ana. Saa moja naye itakupa zaidi ya kurasa zangu. Upande wa afya hapana kusubiri. Sabuni, spiriti au pilipili ikiingia jichoni, lisafishe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, na kama maumivu au ukungu wa macho unabaki, mpeleke hospitali. Mtoto akimeza kafuri au spiriti, usimtapishe na usimpe maziwa kwa kudhani yataua sumu. Mkimbize kituo cha afya saa hiyo hiyo, na uchukue pakiti au chupa yenyewe ili mganga aone alichomeza.